Bureti ya Kumi na Tatu

Jirani yangu ni mtunza maabara wa shule yetu, na ukuta unaotenganisha sebule yake na yangu ni mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya mimi husema "afya" bila kuinua kichwa kwenye madaftari ninayosahihisha. Hajibu. Si kiburi. Ni mtu aliyezoea kwamba sauti za nyumba ya pili zina wenyewe.

Wanafunzi wanamwita Mama Vioo. Jina lilianza kama kejeli, likamkaa, naye akalipokea kama mtu anavyopokea mvi. Ana miaka hamsini na ushei, mwembamba, anatembea ameshika viwiko vyake utadhani anapita kwenye duka la watu. Mimi nafundisha historia, somo ambalo vifaa vyake ni chaki na mdomo, kwa hiyo kwa miaka mingi sikujua kazi yake hasa ni ipi. Nilidhani ni kufunga mlango. Kumbe sikuwa mbali na ukweli.

Maabara yetu ni chumba kirefu mwishoni mwa madarasa, meza za saruji, mabomba ambayo maji yake huja yakitaka, na makabati yenye milango ya kioo. Humo mna mizani mbili, testi tyubu zilizosimama kwenye vishikio vyake kama askari wa gwaride, na bureti. Bureti, kwa wenzangu wa historia, ni mrija mrefu wa kioo wenye vipimo ubavuni na koki ndogo chini. Unaujaza asidi, unafungua koki kidogo kidogo, asidi inadondokea kwenye chupa, na wewe unakodoa macho ukingoja maji ya njano yawe na rangi ya chungwa. Tone likizidi yanakuwa mekundu, na kazi yako imeharibika. Shule ina wanafunzi mia sita na arobaini. Bureti zilikuwa kumi na mbili, na moja ya kumi na tatu iliyokaa kabatini ndani ya boksi lake, haijawahi kufunguliwa.

Sheria ilikuwa hivi: kikivunjika kitu, mwanafunzi anamleta mzazi, mtunza maabara anaandika maelezo kwa mwalimu mkuu, mwalimu mkuu anawaandikia wakubwa, na wakubwa wananyamaza. Kwa hiyo dawa ikawa moja tu, kutogusa. Wakaguzi walikuja mwaka wa kumi na tisa wa utumishi wake, wakahesabu, wakakuta kila kitu kizima, wakampa cheti. "Wilaya nzima hakuna kama huyu mama," walisema. Alikining'iniza karibu na mlango, na sitasema kwamba hakuwa akikifuta vumbi.

Lakini mtihani wa vitendo upo, na mwanafunzi ambaye hajawahi kushika bureti ataufanyaje? Hapo ndipo Mama Vioo na mwalimu wa kemia walipobuni kitu ambacho sijakiona shule nyingine. Walikiita mazoezi ya hewa. Wanafunzi sitini wanajipanga kwenye meza, mikono mitupu. Mwalimu anasema, "Jaza!" nao wanamimina asidi isiyokuwepo kwenye bureti isiyokuwepo. "Soma kipimo!" wanainama, jicho moja limefumbwa. "Koki!" mkono wa kushoto unazungusha hewa, wa kulia unatikisa hewa. "Rangi!" nao wanaitikia kwa pamoja, "Chungwa!" Siku ya kwanza kupita dirishani nilidhani ni kikundi cha maombi. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mkono mtupu haulambwi, nikamwambia mwalimu wa kemia, akanijibu kwamba angalau hauvunji.

Aliyeongoza mazoezi hayo mbele ya wenzake, mwaka ninaousimulia, alikuwa binti wa Mama Vioo mwenyewe. Ndiye mtoto wake wa kwanza na wa mwisho. Baba alishatangulia mbele ya haki binti akiwa bado anatambaa. Alikuwa na vidole virefu, na alivyoizungusha ile koki ya hewa ungeapa unaiona. Alitaka chuo cha ufamasia. Hakikuwa kitu cha kusema tu. Alikuwa amekata tangazo la chuo gazetini na kulibandika ndani ya mlango wa kabati la nguo, na kemia ndiyo ilikuwa mlango wa chuo hicho.

Siku ya mtihani waliingia kwa zamu, kumi na wawili kwa kumi na wawili. Msimamizi alitoka shule nyingine, kama taratibu zinavyotaka, na Mama Vioo alikuwa stoo, nyuma ya dirisha dogo la kutolea vifaa. Dakika ishirini hazijafika, koki ya bureti ya binti ikagoma. Ilikuwa imekaza kwa kukaa. Sasa, koki ya hewa haikazi. Binti aliizungusha kama alivyozoea, kwa vidole viwili, haikuenda. Akaizungusha tena. Akatia nguvu, na mrija ukakatika chini, asidi yote ikamwagika mezani.

Msimamizi alikwenda kwenye dirisha la stoo. Akauliza, "Mama, ipo nyingine?"

Mama Vioo akasema, "Hakuna."

Binti alikaa na mikono juu ya meza mpaka kengele ilipolia. Matokeo yalipobandikwa ubaoni, kemia ilikuwa imeanguka, na chuo kikaanguka nayo.

Jioni hiyo nilikuwa nasahihisha. Nilisikia sahani zikioshwa upande wa pili, kisha sauti ya jirani yangu, si ya kawaida yake, ikisema, "Ilikuwepo, mwanangu. Ilikuwa kabatini. Ilikuwepo." Wakati huo sikuelewa kitu. Nilisikia tu sahani zikiendelea kuoshwa, moja baada ya nyingine, mpaka zikaisha. Wiki iliyofuata binti alipanda basi kwenda kwa mama yake mdogo, mji mwingine, akapata kazi kwenye duka la kutoa fotokopi. Hakuaga kwa hasira. Alimwachia mama yake ufunguo wa nyumba mezani.

Mimi ningeona heri angeondoka kwa matusi. Matusi yana mwisho.

Miaka mitatu ilipita namna hiyo. Kila Jumapili Mama Vioo alimpigia simu mdogo wake. Kwa ukuta ule, na simu aliyoiweka kwenye spika, sikuhitaji kutega sikio.

"Hajambo?"

"Hajambo, dada. Yuko kazini."

"Jumapili?"

"Ee, wana kazi nyingi."

Siku moja alinisimulia, akiwa amesimama mlangoni kwangu na bakuli alilokuja kurudisha, kwamba alimsikia binti akicheka nyuma ya hiyo sauti inayosema yuko kazini. "Ana kicheko kikubwa siku hizi," alisema. Nikamwambia aingie, akasema ameacha maji jikoni. Hakuwa na maji yoyote jikoni. Nilimwona kupitia dirisha amekaa kwenye kiti, mkoba mapajani, kama abiria.

Ndipo wakaguzi wakarudi. Wakahesabu, wakakuta upungufu wa bureti moja tu, ile ya mtihani, ambayo kwa taratibu haihesabiwi kosa la mtunzaji. Miaka ishirini na miwili! Wakasema wataandaa cheti cha pili. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimeleta chai. Mama Vioo akasema, "Msinipe."

Wakacheka, wakidhani ni unyenyekevu.

"Msinipe, nawaambia. Vioo hivi ni vizima kwa sababu hakuna mtoto aliyevishika. Hiyo si sifa."

Mwalimu mkuu alimwita ofisini baada ya wageni kuondoka, na kwa vile mwalimu wa kemia alikuwa hayupo na mimi nilikuwa karibu, niliitwa pia, sijui kama shahidi au kama kizima moto. Mwalimu mkuu si mtu mbaya. Ni mtu anayepanga karatasi mezani anapoogopa, na siku hiyo alipanga sana.

"Unataka nini, mama?"

"Jumamosi. Nataka kufungua maabara kila Jumamosi, watoto washike vitu kwa mikono yao. Vitu vyenyewe."

"Vitavunjika."

"Vitavunjika."

"Vikiisha je?"

"Viishe, mwalimu. Viishie mikononi mwao."

Mwalimu mkuu alinitazama mimi, kisha akazipanga karatasi zake tena. Akasema tujaribu muhula mmoja.

Jumamosi ya kwanza walikuja arobaini. Nilikwenda kwa udadisi, nisijisingizie wema. Walisimama mbali na meza, mikono mifukoni, na Mama Vioo akawa anawavuta mmoja mmoja kwa kiwiko. "Shika. Isikie uzito. Koki hii ni ngumu, hii ni laini, kila moja ina tabia yake. Ikikaza usipigane nayo, ipake mafuta kidogo, hivi." Hata sauti yake sikuijua. Nusu saa haijapita, msichana mmoja mrefu akageuka kumwita mwenzake, kiwiko kikagonga kishikio, bureti ikaenda chini. Yule msichana alirudi nyuma mpaka ukutani, akajikinga uso kwa mkono, maana alijua kinachofuata.

Mama Vioo alichukua ufagio. Alifagia vipande vyote, hata vile vilivyoingia chini ya kabati. Kisha akafungua kabati, akatoa lile boksi la bureti ya kumi na tatu, akachana karatasi yake, akaiweka mkononi mwa yule msichana.

"Chukua nyingine," akasema. "Endelea."

Nilitoka nje nikalia. Nililia kwa kelele, nyuma ya matangi ya maji, mtu mzima na miwani yangu.

Na sasa lazima niseme langu, maana tangu mwanzo nimekuwa nikisimulia kama mtu aliyekaa jukwaani akitazama mchezo. Wiki mbili kabla ya mtihani ule wa binti, kwenye chumba cha walimu, watu walikuwa wakizungumzia nani atafaulu. Mimi nikasema, "Mtoto wa mwenye ufunguo halali njaa." Wakacheka. Nikaona nimepatia, nikairudia kwa waliokuja nyuma. Ulimi hauna mfupa. Sikumaanisha kitu, nilitaka kuchekesha tu, lakini miaka yote mitatu nilipolisikia lile "ilikuwepo" kichwani nilijua kwa nini mwanamke yule alisema hakuna. Alikuwa anavikimbia vinywa vyetu sisi.

Jumamosi ile jioni nilikwenda kwake. Nilikuwa sijawahi kukaa kwenye kiti cha sebule yake, na tumekuwa majirani miaka kumi na moja. Nikamwambia maneno yale niliyasema mimi.

"Najua," akasema. "Nilikuwa mlangoni, nimeleta funguo."

"Kwa nini hukunisema?"

"Ningekuambia nini, mwalimu? Wewe ulisema la mzaha. Aliyesema hakuna ni mimi. Mtoto alikuwa ananitazama pale dirishani. Alikuwa anajua kwamba ipo, tulishaihesabu pamoja mara ngapi! Akanitazama nikisema hakuna, akainamisha kichwa. Hakunisaliti."

Niliona aibu mpaka masikioni. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini nikamwambia bado mtoto anaweza kurudia somo moja kama mtahiniwa wa kujitegemea, watu wengi wanafanya hivyo, mwisho wa kujiandikisha ni baada ya miezi miwili. Akasema ameshafikiria. Alimtumia ujumbe kupitia mama mdogo: Jumamosi maabara iko wazi, ajaze fomu, aje afanye mazoezi, chumba chake hakijaguswa.

Jibu halikuja.

Jumamosi ziliendelea. Watoto walifika themanini, wakaanza kuja na wa shule za jirani. Zikavunjika bureti tatu zaidi; mwalimu wa kemia akatengeneza nyingine za bomba la sindano na mpira wa dripu wenye kile kibano cha kuzungusha, na zikafanya kazi bila aibu. Harufu ya asidi ilifika hadi darasani kwangu. Wale walioinua mikono mitupu hewani sasa walikuwa na madoa kwenye sare na majeraha madogo vidoleni, wakionyeshana kama wanajeshi. Mwalimu mkuu aliacha kupanga karatasi, akaanza kuleta wageni.

Lakini Mama Vioo alikuwa na tabia moja iliyoniudhi. Meza ya mwisho, karibu na stoo, hakumpa mtu. Watoto walibanana sita kwenye meza ya wanne, na ile iko wazi, bureti imejazwa, chupa iko chini yake. Kila basi la mjini lilipopiga honi barabarani aligeuka.

"Jirani," nikamwambia siku moja kwa ukali, "unamngoja mtu ambaye hajasema anakuja. Wape watoto meza."

"Nitawapa saa sita."

"Jana ulisema hivyo hivyo wiki iliyopita!"

"Jana ilikuwa Ijumaa, mwalimu," akasema, akacheka kidogo, nami nikacheka kwa hasira yangu yenyewe. Saa sita ilipofika aliwapa. Wiki iliyofuata akaianza tena wazi.

Binti hakuja Jumamosi hata moja.

Orodha ya watahiniwa wa kujitegemea ilikuja mwezi mmoja kabla ya mtihani. Mwalimu mkuu alitoka ofisini mwenyewe kuileta maabara, jambo ambalo hajafanya tangu nimjue. Jina la binti lilikuwa la nne. Kituo alichochagua kilikuwa shule yetu. Mama Vioo aliisoma, akaisoma tena, akairudisha.

"Siwezi kuandaa mtihani huu," akasema. "Nina mtoto ndani."

Akaandika barua ya kujitoa siku hiyo hiyo, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Wakaleta mtunza maabara wa shule nyingine, kijana mpole asiyejua mambo ya watu. Mama Vioo alimpitisha kwenye makabati, akamwonyesha koki ngumu na koki laini, na bureti za akiba ambazo tulikuwa tumezipata zimewekwa wapi. Akamkabidhi funguo. Nilikuwepo. Alimwambia neno moja tu la ziada: "Wakiomba, wape."

Siku ya mtihani alikuja kukaa kwangu, kwa sababu kwangu dirisha haliangalii maabara. Alikuwa amevaa nguo ya kutokea. Nilichemsha chai, ikapoa, nikaichemsha tena. Akaniuliza historia inahusu nini hasa, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja ya ujirani, nami nikajaribu kumweleza, na hakuna aliyesikiliza kati yetu sisi wawili.

Saa saba mchana mlango ukabishwa. Nilifungua mimi. Binti alikuwa amenenepa kidogo, amesuka nywele, begi begani. "Shikamoo mwalimu," akasema. "Nimebisha pale, hakuna mtu."

"Marahaba. Yupo hapa."

Mama Vioo alisimama. Walishikana mikono. Nilitaka niende jikoni, lakini jikoni kwangu ni hatua tatu tu na ningesikia vile vile, kwa hiyo nikabaki nimeshika birika.

"Umeweza?" mama akauliza.

"Nimeweza. Koki ilikuwa ngumu, nikaomba nyingine. Yule kaka akanipa, hata hakuuliza."

"Amefanya vizuri."

"Ndiyo."

Mama akasema, "Mwanangu, siku ile," na binti akamgusa mkono, taratibu, kama anavyoguswa mgonjwa. "Nilishasamehe zamani, mama. Usijitese." Alisema kwa upole, na kwa upole ule nilielewa kwamba ni kweli amesamehe, na kwamba amelimaliza jambo hilo huko huko alikokuwa, peke yake, bila kumhitaji mama yake.

Alikunywa chai nusu kikombe akiwa amesimama. Basi lilikuwa saa nane, na kesho yake ana zamu ya asubuhi. Mama Vioo alimsindikiza mpaka kwenye geti la shule, nami nikafuata nyuma na begi nililojifanya kubeba kwa heshima, ilhali nilitaka tu kuwepo. Watoto watatu wa Jumamosi walikuwa barabarani, wakampungia Mama Vioo kwa nguvu, naye hakuwaona.

"Matokeo yakitoka utakuja kuyaangalia?" akauliza. "Yakibandikwa, nikupigie, uje? Utalala, halafu asubuhi..."

Binti akatabasamu. "Siku hizi yanatoka kwenye simu, mama. Hayabandikwi tena."

"Ni kweli," akasema Mama Vioo. "Nilisahau."

Basi lilikuja kwa wakati wake.